Taa ya Kupokea

Binti ndiye aliyeiona kwanza: taa ndogo ya kupokea iliwaka, ikazima, ikawaka tena.

Kwa majuma mengi kisanduku cha Wi-Fi, ambacho baba yake, Tata, alikiunga kwa waya mnene nyuma ya kompyuta kuukuu, kilikuwa kinatuma tu bila kujibiwa. Leo mzee alihamisha nyuzi mbili ndani ya waya, na mtandao ukaitika.

"Unaona?" Tata alicheka mpaka akakohoa. "Kabemba alisema siku mashini hii itaingia internet, ataacha kuchimba mashimo kule Mutoshi, arudi nyumbani. Alizani mi nimezeeka kuipita! Andika, mama yangu: umeshindwa, kuja."

Kidole cha binti kilisimama juu ya K, herufi iliyofutika nusu. Hakuibonyeza.

Shimo la Mutoshi lilimfunika kaka yake Kabemba wakati Tata amelazwa hospitali Lubumbashi. Familia ilizika, ikakubaliana mzee asiambiwe hadi moyo wake upate nguvu. Tangu hapo binti aliomba waya ule usikubali kamwe.

"Andika basi! Mwambie kuku inamungojea."

Binti aliondoa mikono mezani.

"Tata, Kabemba tulishamuzika."