Chuma cha Mutalemwa

Miaka miwili nimepiga kengele ya shule kwa uaminifu. Dada mmoja alipokuja kurekodi picha na sauti za Mwanza, kengele akampa mwanafunzi mwenzangu Mutalemwa, eti ana shingo nzuri.

“Tulia, mstaafu,” Mutalemwa alininong'oneza, akiinua chuma mbele ya ringi ya lori tunayoiita kengele.

Nikasogea pembeni na sahani yangu ya bwaloni. Dada alivaa spika za masikioni, akafumba macho kusubiri mlio.

Nikagonga sahani yangu kwa kijiko mara tatu, ishara yetu ya wali nyama. Wavulana mia nne wakapita mbele ya kamera wakikimbilia bwalo.

“Nani amegonga sahani?” dada aliuliza.

Nikanyoosha mkono kama shahidi mahakamani.

“Rudia mlio huo,” alisema.

Mutalemwa alikuwa bado ameinua chuma.