Uzito wa Nyaya

Mizani haikushuka.

Bron Kessell aliitazama namba, akaipiga mizani teke dogo, akaitazama tena. Asubuhi hiyo alikuwa ameng'oa kwenye gari lake la mbio nyaya za taa, za honi, za vaipa na za hita, zikajaza toroli. Na bado gari lilikuwa na uzito uleule wa wiki iliyopita.

"Baba, mizani hii imekufa."

"Haijafa," alijibu Clem, baba yake. Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, koleo mkononi. "Nyaya bado nyingi. Toa na ya feni."

"Ya feni? Nichemke humo ndani kama yai?"

"Utachemka dakika kumi tu. Toa."

Ndivyo Clem alivyokuwa tangu msimu uanze. Bron alikuwa dereva, yeye fundi, na kila alichokigusa alikiona kizito. Geji za dashibodi zilitoka. Sanduku la fyuzi likatoka. Betri ikabadilishwa, ikawekwa ndogo ambayo Bron aliibeba kwa mkono mmoja. Mwishowe palibaki swichi mbili na nyaya chache za kuwashia injini na kusukuma mafuta, basi.

Ross Tuckwell, bingwa wa uwanja wa vumbi nje ya Broken Hill, mji wa migodi kule Australia, alichungulia gerejini kwao akacheka. "Bibie, mmebakisha nini humo? Utaliwasha kwa kiberiti?"

"Subiri Jumamosi," Bron alimjibu. "Utaniona mgongo tu."

Lakini moyoni hakuwa na utulivu. Gari la Tuckwell lilikuwa jepesi kuliko lake, na kwenye zile kona za udongo mwekundu wepesi ndio kila kitu. Alitoa, akapima. Akatoa tena, akapima. Leo namba imeshuka, kesho imepanda. Alifagia mchanga wote sakafuni mwa gari. Alipanda mizani mwenyewe, ikampima sawasawa. Akawa anakula amesimama, mkate wa nyama mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, macho kwenye gari kama mtu anayemvizia mwizi.

Alhamisi alirudi mapema kutoka mgodini alikofanya kazi. Gereji ilinuka chuma kilichoungua. Clem alikuwa akiviringisha kebo ya mashine ya kuchomelea, na mlango wa upande wa dereva ulikuwa na rangi mbichi.

"Ulikuwa unachomelea nini?"

"Egzosi, ilikuwa na ufa. Na nimekuandikia namba upya hapo mlangoni, ile ya zamani ilikwanguka."

"Na mashine hiyo ya nani?"

Clem alisita. "Ya Tuckwell."

Bron alihisi uso ukimwaka moto. "Umekwenda kuazima kwa Tuckwell? Wiki ya fainali?"

"Yangu imeungua. Ya kwake nzuri."

"Baba, kila nikitoa uzito, mtu anaurudisha. Na humu gerejini hawaingii wengine, ni mimi na wewe."

"Unataka kusema nini?"

"Unajua ninachotaka kusema. Nakuuliza, unanichezea mimi kwa ajili ya Tuckwell?"

Mzee aliinama akaokota koleo.

"Waya wa taa ya breki bado upo," alisema. "Toa."

Ijumaa nzima hawakusemezana.

Jumamosi mchana jua lilikuwa kali na majukwaa yamejaa. Milango ya magari yale huchomelewa moja kwa moja, kwa hiyo Bron aliingia kwa dirishani. Clem alimfunga mikanda, akaivuta, akaivuta tena. Kisha akaenda kusimama nyuma ya lori lao, uwanja akiupa mgongo. Hivyo ndivyo alivyofanya kila mashindano. Hakuwahi kumwona binti yake akikimbia. Zamani Bron alidhani anaogopa mikosi. Siku hiyo alidhani ni aibu.

Bendera iliposhuka, hasira yake yote ilikwenda kwenye mguu wa kulia. Alimpita wa kwanza, akampita wa pili. Kufikia mizunguko ya mwisho alikuwa sambamba na Tuckwell, vumbi la mmoja likimwingia mwenziwe. Walipofika kona ya mbali tairi la nyuma la Bron lilipasuka. Gari likageuka, likasimama kukingama njia, na Tuckwell, ambaye hakuwa na pa kukwepea, akaja na pua ya gari lake moja kwa moja kwenye mlango wa Bron.

Kishindo, kisha kimya.

Bron alijipapasa. Mguu upo. Nyonga ipo. Mbavu zipo. Tuckwell alikuwa wa kwanza kufika dirishani, analia bila kujificha. "Bron! Bron, sema kitu!"

"Umeniharibia rangi," Bron alisema.

Wakamvuta nje. Alisimama, akaangalia. Gari la Tuckwell lilikuwa limejikunja mpaka kwenye injini. Bati la mlango wake yeye lilichanika kama karatasi. Lakini nyuma ya bati, mahali palipokuwa patupu siku zote, yalilala mabomba matatu manene ya chuma, yamechomelewa kutoka nguzo hadi nguzo. Hayakupinda.

Clem alikuwa amefika mbio, kofia imeanguka huko nyuma, anahema.

"Baba," Bron alimwita, mkono wake ukiwa juu ya chuma. "Haya yana uzito gani?"

"Sawasawa na nyaya zote tulizotupa."