Uso Uliomo Kitabuni

Bibi Nambunga hakutaka mjukuu wake amwone uso. Watoto wa mtaani walizicheka chale zake, wakisema shavu lake ni mkeka uliochakaa. Basi tangu Zulfa aletwe kukaa naye, bibi alijifunga ushungi mpaka puani, hata akiwa jikoni anakuna nazi.

Siku hiyo Zulfa alirudi kutoka shuleni na kitabu cha picha, akakifungua magotini pa bibi.

"Mke mwenza, mtazame mwenzio!" Zulfa alimtania.

"Niache, mimi sijui kusoma."

"Nani kakwambia usome? Tazama tu!"

Bibi akatazama. Mwanamke alikuwa anatwanga mtama, kaujaza ukurasa mzima, na mashavuni mwake zilishuka chale, mstari chini ya mstari. Mchoraji hakuzificha wala hakuzipunguza. Watoto wa pichani walimtazama mwanamke yule, na hakuna aliyecheka. Bibi hakujua kwamba uso wa kwao unaweza kuingia kitabuni.

"Mwalimu kauliza nani ana bibi kama huyu," Zulfa alisema. "Nikanyoosha mkono, maana watoto wa mtaani husema una chale. Wenzangu wakasema naongopa. Nimeongopa, bibi?"

Bibi akaufungua ushungi, ukaanguka mabegani.

Zulfa akapitisha kidole taratibu, chale moja baada ya nyingine.

"Ziliuma?"

"Sana. Shavu hili damu, na hili damu. Kidonda kibichi kikasuguliwa unga wa mkaa. Wiki nzima sikulala. Na mama, aliyenishika kichwa, alilia kunishinda."