Fuko Aliyesomea Uganga

Zamani, wanyama walipokuwa na chuo cha uganga, Fuko aitwaye Sikudhani alipata nafasi. Kwao hakuna aliyewahi kusoma, na ada hawakuwa nayo.

"Chuo hiki ni chetu sisi watoto wa waganga," Twiga alimwambia. "Wewe kachimbe kama mama yako."

"Nitachimba na nitasoma," akajibu Sikudhani.

Basi asubuhi akawa anachimbia chuo mashimo ya taka apunguziwe ada, mchana anaingia darasani na matope yake. Mwaka wa pili kiangazi kikakausha visima. Twiga akafunga virago. Sikudhani akachimba mpaka maji yakafoka. Mkuu wa chuo, Bibi Nyati, akamfutia ada yote.

Siku ya mahafali sakafu ya ukumbi ikapasuka, ukoo mzima wa mafuko ukachomoza kwa vigelegele, mama mtu akiwa mbele.