Mche wa Marehemu

Shimo lilikuwa lilelile la mwaka jana. Walizoa makopo ya soda, wakang'oa kijiti kikavu kilichobaki, wakasema liko tayari.

"Mama Miche! Mche uko wapi?" Mkurugenzi wa misitu alifoka kutoka chini ya turubai. "Wapiga picha wanangoja!"

Mama Miche alikuwa mjane wa mtunza kitalu wa ofisi hiyo. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyoufyeka mlima mzima kwa ajili ya mataruma ya reli, ikapanda miti ya kigeni, halafu ikachapisha kalenda ya kusifu misitu ya asili. Marehemu aliokota mbegu za mti wa mwisho wa mlimani, akazibembeleza miaka na miaka. Ukaota mche mmoja tu. Asubuhi aliyofariki alikuwa ameshaunywesha maji.

Siku moja kabla ya sherehe hii ya kupanda mti, mjane alikwenda kumsihi Mkurugenzi. Alisubirishwa kwenye kona ya mapokezi hadi wote wakaenda kula, ndipo bwana mkubwa akatokea na kijiti cha meno mdomoni.

"Baba, nakuomba, chukua mche mwingine. Pale ni kifusi, utakufa."

"Kufa utakufa, mama, lakini picha itakuwa imeshatoka. Tunataka huohuo. Una historia."

Sasa alikuja akiukumbatia mche ndani ya kiriba cha udongo. Majani yalikuwa na vumbi. Akayapangusa kwa ncha ya mtandio. Mkurugenzi alishika kiriba kwa vidole viwili, kama anayeokota soksi ya mtu mwingine, akakidumbukiza shimoni huku akiitazama kamera.

"Cheka kidogo, shemeji," alisema mpiga picha, rafiki wa marehemu. "Utadhani uko msibani."

"Ndiko niliko."

Wakapiga makofi, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atamwagilia.

Kiangazi kikaunguza nyasi. Hata miti ya kigeni ilipukutika. Mche wa Mkurugenzi haukudondosha jani hata moja. Akawaita waandishi, akasimama kando yake kifua mbele.

"Watu wanasema nina bahati. Huu ni utaalamu!"

Mama Miche hakuhudhuria. Alikuwa makaburini kwa mumewe, na ndoo yake ya maji, kama kila jioni.

Ofisini furaha ilikuwa tele. Mhudumu wa mapokezi tu ndiye aliyeendelea kununa, akimuuliza kila apitaye ni nani aliyeuchukua ule mti wa plastiki wa pale kwenye kona.