Kiganja cha Hina

Fundi Nassibu alishuka ngazi akijipongeza. Ile nyumba kongwe ya mtindo wa Kihispania, yenye matao na vigae vyekundu, ilikuwa imeoga chokaa. "Usiniachie doa hata moja," Bi Mwanaidi alikuwa amemwagiza.

Sasa Bi Mwanaidi alisimama kando ya mlango, mkono kinywani. Hapo ndipo marehemu binti yake alipoegemea siku ya harusi, akaacha alama ya kiganja chenye hina. Hakuwahi kudhani mtu angeiita doa.

"Bado naviona vidole," alinong'ona. "Unaviona, fundi? Vyote vitano."

"Naviona, mama."

Chokaa ilikuwa mbichi. Ikishakauka ndipo hukolea weupe, ikafunika kila kitu. Fundi alilijua hilo, akainama kukusanya brashi zake. Jua lilikuwa linateremka ukutani taratibu, likivielekea vile vidole.