Tangazo la Riwaya ya Mashavu

Mji mzima ulikuwa na kipaza sauti kimoja, nacho kilikuwa cha Kombo, mtangaza misiba. Mashavu hakuwa na fedha za tangazo la redio, basi akampa Kombo maneno ya kutangaza: riwaya yake imetoka, inapatikana nyumbani kwake, nyuma ya mashine ya kusaga.

Kombo alizunguka na baiskeli asubuhi nzima, kwa sauti yake ileile ya siku zote. Watu waliposikia jina la Mashavu na nyumba yake, hawakungoja mengine.

Adhuhuri wanawake wakaanza kuingia, wamejitanda kanga, huyu na sukari, yule na kuni. Mashavu alitoka mbio na kitabu mkononi.

"Pole, mwanangu," alisema jirani yake, Bi Mize, akamkumbatia yeye na kitabu chake. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Wakaketi mkekani, wakaegemea maboksi ya vitabu.

"Marehemu alikuwa na umri gani?" mmoja aliuliza taratibu.

Mashavu alifungua mdomo kuwaeleza. Akakitazama kitabu, akahesabu miaka aliyokiandika usiku na mchana.

"Miaka saba," alisema.

"Masikini! Mdogo hivyo!"

Wakamsogezea nafasi ya mfiwa, naye akaketi.